Maman Alphonsine Kalenga na Fainali ya Mwaka 1980

Papa, maman, tonton, tantine, na ninyi vijana mtakaokuwa mmesimama ukutani kwa sababu viti havitatosha, anayewasomea ni Mwadi, dada mdogo wa Antoine, yaani wifi wa marehemu. Najua wifi si mtu wa kuaminiwa kwa kazi ya namna hii. Marehemu mwenyewe ndiye aliyenichagua, na kuna jambo moja aliloniagiza nilisahihishe mbele yenu, jambo la fainali ya mwaka 1980. Nitalisema lote. Naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjaanza kunong'onezana.

Alphonsine Kalenga Numbi alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, mjini Likasi, mji uliokuwa bado ukiitwa Jadotville. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Papa Numbi, fundi umeme wa kiwanda cha shaba, na Mama Kabedi, mshonaji. Alikuwa mrefu tangu mwanzo. Alipofika miaka kumi na miwili baba yake alikuwa akienda naye kazini siku za mapumziko kubadilisha balbu, maana yeye alihitaji kiti tu pale ambapo wengine walihitaji ngazi. Mama yake alilalamika kwamba kila sketi ya shule aliyomshonea ilifupika kabla ya Pasaka.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari kwa masista hapo hapo Likasi, akapata diploma ya serikali mwaka 1977, na Oktoba mwaka huo akaingia Institut Lufira, chuo cha ualimu mjini Lubumbashi, kusomea historia. Huko ndiko alikokutana na voliboli, au tuseme voliboli ndiyo iliyomkuta: kocha alimwona akiinamisha kichwa kwenye mlango wa bwalo la chakula, akamwambia aje uwanjani saa kumi. Mashindano ya wasichana wa vyuo yalikuwa yameanza mwaka 1973, vyuo sita tu, kwenye uwanja wa udongo mwekundu. Miaka miwili ya kwanza wakuu wa vyuo walidai wasichana wavae sketi zinazofunika magoti, hata wanaporuka kupiga. Mwaka 1977 na 1978 hayakufanyika kwa sababu ya vita vya Shaba. Yaliporudi mwaka 1979 Alphonsine alivaa namba nne mgongoni, na mwaka 1980 alikuwa kapteni.

Fainali ya mwaka huo ilichezwa Lubumbashi, Jumapili tarehe 20 Aprili, kati ya Lufira na Institut Ruzizi ya Bukavu. Wasichana wa Bukavu walikuwa wamesafiri siku tisa: lori mpaka Uvira, meli mpaka Kalemie, kisha treni iliyokuwa ikisimama porini nusu siku kungojea kichwa kingine. Walishuka na miguu iliyovimba, na bado wakafika fainali. Timu ziligawana seti, mbili kwa mbili. Seti ya tano Bukavu waliongoza kumi na nne kwa kumi na moja. Kwa sheria za wakati ule, ni timu iliyoanzisha mpira tu iliyoweza kupata pointi, na seti ilimalizikia kumi na tano ikiwa na tofauti ya pointi mbili. Lufira wakaomba mapumziko. Waliporudi, Alphonsine alishika mpira, akaanzisha mara tano mfululizo, wakapata pointi tano, kumi na sita kwa kumi na nne, kombe likabaki Lubumbashi.

Kapteni wa Bukavu, aliyeitwa Bibiane Nsimire, aliinua mkono tangu pointi ya kwanza. Alimwambia mwamuzi kwamba aliyeanzisha mpira haikuwa zamu yake. Mwamuzi akamrudisha mahali pake. Mechi ilipokwisha Bibiane alimtamkia mwamuzi maneno ambayo sitayasoma mbele ya padri, naye akafungiwa mwaka mzima. Mwaka huo ndio timu ya vyuo ya taifa ilipochaguliwa. Alirudi Bukavu bila kombe na bila nafasi, na chuoni kwake wakampachika jina la Machozi.

Hivyo ndivyo wengi wenu mnavyoijua fainali ile.

Kati ya watazamaji alikuwepo kaka yangu, Antoine Ilunga, mwanafunzi wa jiolojia, aliyepita uwanjani kwa sababu mechi ya mpira wa miguu aliyoikusudia ilikuwa imekatizwa na mvua. Alirudi nyumbani hana sauti. Akaniambia, "Mwadi, nimeona bibi yangu," yaani mke atakayemwoa. Siku aliponionyesha nilimjibu, "Lakini anakupita burefu." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Agosti 1983, kanisani Likasi. Mimi niliipinga ndoa ile na sikuficha. Nilitangaza kwa mashangazi wote kwamba bibi harusi akivaa viatu vya kisigino ataiaibisha familia. Alivaa vya kisigino. Ndiyo maana katika kila picha ya harusi kaka yangu amesimama juu ya ngazi ya kanisa, ameinua kidevu. Yule mwanamke alikuja kuwa rafiki yangu mkubwa kuliko ndugu wa tumbo moja, na ilinichukua miaka sita kukiri. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ghislain na Chloé. Kila sikukuu ya ndoa yao Antoine alisimulia zile pointi tano, na kila mwaka mipira ile ilikuwa mikali zaidi. Marehemu alikuwa akiondoka mezani kwenda kuangalia chungu. Tulidhani ni haya.

Alifundisha historia katika shule ya wasichana Likasi kuanzia Septemba 1981 mpaka mwaka 1991, mishahara ilipoacha kuja. Novemba mwaka huo walifika hapa Bruxelles, Ghislain akiwa na miaka saba na Chloé minne. Diploma yake haikutambuliwa. Kuanzia mwaka 1993 mpaka alipostaafu Machi 2022 alisafisha maofisi ya Umoja wa Ulaya karibu na Schuman, na miaka kumi ya mwisho alikuwa msimamizi wa wenzake kumi na wanne. Hakuwahi kuionea haya kazi hiyo. Alisema wakubwa wa Ulaya wanaandika mipango ya miaka ishirini ubaoni na wanasahau ganda la ndizi chini ya kiti, na kwamba mwalimu ni yule yule, darasa tu limebadilika.

Saa ya mapumziko alikaa kwenye chumba cha ndoo na mafagio akiwa na simu na daftari gumu. Karatasi zote za mashindano ya wasichana wa vyuo zilikuwa zimepotea katika uporaji wa mwaka 1991, akaamua kuyaandika upya kutoka vichwani mwa waliocheza. Aliwatafuta Kisangani, Lusaka, Liège, Montréal. Kila mmoja alimwuliza nani walikuwa uwanjani, mechi ilichezwa saa ngapi, nani alianzisha mpira wa mwisho, na jioni walikula nini. Watu wawili wakitofautiana, alimpigia wa tatu. Akajaza madaftari manne, kuanzia mwaka 1973 mpaka 1996. Humo yumo msichana wa Mbuji-Mayi aliyecheza fainali akiwa na mimba ya miezi mitatu bila kocha kujua, na imo timu ya Kisangani iliyofua jezi za pekee ilizokuwa nazo asubuhi ya mechi ikacheza zikiwa mbichi. Wengi wa wanawake hao leo ni mabibi, na kama si yeye hakuna ambaye angewauliza chochote.

Mwaka 2003, katika duka la vyakula la Chaussée de Wavre, mtaa wa Matonge, alikuwa anachagua ndagala, wale dagaa wakavu, na mwanamke aliyekuwa anachagua upande wa pili wa sanduku akainua macho. Alikuwa Bibiane Nsimire. Alikuwa amefika Ubelgiji kama mkimbizi mwaka 1999, akiishi mtaa wa Koekelberg na kutunza wazee katika nyumba zao.

"Ni weye?" akauliza Bibiane.

"Njo miye," akajibu marehemu.

Bibiane akamgeukia mwenye duka. "Uyu ni championne ya mwaka quatre-vingts," yaani bingwa wa mwaka themanini. "Umupimie muzuri."

Hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililomwumiza. Marehemu alifika nyumbani mikono mitupu, ndagala kaziacha kwenye mizani, na ni mimi niliyerudi kuzichukua.

Kuanzia hapo hawakuachana. Mwaka 2005 walianzisha timu ya wasichana wa jumuiya yetu, na kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa mlikuwa mkiwakuta katika ukumbi wa shule moja Koekelberg, mmoja akipiga filimbi na mwingine akipiga kelele. Bibiane aliwafundisha kupokea mpira. Marehemu aliwafundisha zamu. Hakuna kocha niliyemwona mkali kwa zamu kama yeye. Mwaka 2018, fainali ya mashindano ya jumuiya, mjukuu wake Keren alianzisha mpira bila kuwa zamu yake, akapata pointi, na mwamuzi hakuona. Bibi yake alivuka mstari, akamwambia mwamuzi aifute. Timu yetu ikashindwa. Keren hakula kwa bibi yake majuma matatu, na katika ukoo wetu hiyo ni adhabu nzito kwa pande zote mbili.

Mwaka 2019 chama cha jumuiya yetu kilitaka kuyachapa yale madaftari yawe kitabu. Kila kitu kilikuwa tayari, yeye akasema bado. Mwaka uliofuata akasema bado. Bibiane mwenyewe alimsihi hapo sebuleni kwake, mimi nikiwepo: "Alphonsine, tutakufa hatuyaisoma." Marehemu akasema kuna ukurasa mmoja hajauridhia. Nilifikiri ni ukaidi wa walimu.

Machi mwaka huu, 2025, madaktari walimwambia ana saratani ya kongosho. Aliugua miezi saba, bila kulalamika sana, isipokuwa juu ya supu ya hospitali, ambayo alisema imepikwa na mtu asiyemjua kuku. Mwezi wa tisa alimwita Bibiane, akanitaka nami nibaki chumbani. Bibiane alikuja na sombe, yaani kisamvu, kwenye bakuli.

"Bibiane, ikala," akasema marehemu, akimwonyesha kiti. "Niko na neno ya kukuambia."

"Kula kwanza."

"Nitakula. Sikiliza kwanza."

"Alphonsine, ile neno utaniambia ukitoka hapa. Basi, donc, utoke." Akafungua bakuli, akaanza kueleza bei ya mafuta ya mawese, akaeleza mpaka muuguzi akatutoa.

Marehemu alijaribu mara mbili tena. Mara zote Bibiane alikuwa na habari ndefu za kumpa. Ndipo Jumatano moja akaniambia mimi.

Siku ile ya fainali, kabla ya mapumziko, Alphonsine alikuwa ndiye aliyeanzisha mpira, Lufira wakaupoteza, kisha wakaurudisha. Kwa sheria, timu ikirudishiwa mpira wachezaji wote sita wanasogea nafasi moja, na anaanzisha aliye jirani. Jirani yake alikuwa msichana wa mwaka wa kwanza aliyeogopa kuanzisha mpira. Katika fujo ya mapumziko walirudi uwanjani bila kusogea. Mwandishi wa pointi, mwanafunzi wa Lufira, alikuwa amesimama juu ya kiti akishangilia badala ya kuandika. Hilo lilikuwa kosa, na kosa ni la binadamu. Lakini Alphonsine aliligundua mpira ukiwa tayari mkononi mwake, akaanzisha hivyo hivyo. Bibiane alipoinua mkono, mwamuzi alimwuliza kapteni wa Lufira: "Njo zamu yako?" Watu elfu mbili walikuwa wakimtazama. Akajibu: "Ndiyo, njo yangu."

Ulikuwa uongo. Pointi zile tano zilipaswa kufutwa, na mpira kupewa Bukavu waliohitaji pointi moja tu. Nilimwambia, labda hata hivyo wasingeipata. Akaniambia, "Miye nilikuwa uwanjani, weye haukukuwako. Tulikuwa tumekwisha." Kisha akasema, "Utaandika mu wasifu wangu. Nilidanganya mbele ya bantu, itasemwa mbele ya bantu. Bengine batanipamba. Weye ulianza kunisema mubaya mu 1983, bataamini."

"Antoine atakasirika," nikasema.

"Antoine atakasirika siku tatu. Miye nimejikasirikia miaka quarante-cinq, arobaini na mitano."

Nilicheka, Mungu anisamehe, kisha tukalia wote wawili.

Aliaga dunia Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sitini na minane. Antoine alikuwa ameshika mkono wake wa kulia na mimi wa kushoto. Neno lake kwa Bibiane hakuwahi kulisema.

Familia ilipokaa kupanga mazishi, nilieleza nilichoagizwa. Ghislain akasema, "Tantine, ilikuwa match tu, laisse, acha." Kaka yangu alikataa. Muelewe, ile fainali ndiyo iliyompa mke. Akasema, "Maji yakishamwangika, haizolewe. Munataka bamuzike na haya?" Nilimjibu kwamba haya ameibeba peke yake miaka yote hiyo, nasi hatuwezi kumrudishia ndani ya sanduku. Tukagombana. Sitaki kusema tuligombana kwa heshima. Chloé ndiye aliyetupatanisha: aliyetendewa ni maman Bibiane, basi Bibiane aamue. Antoine akakubali.

Jumatatu iliyopita nilikwenda Koekelberg na karatasi hii. Bibiane alivaa miwani, akaisoma mezani, ukurasa kwa ukurasa. Alipofika kwenye fainali akaomba kalamu.

"Hapa umeandika quatorze-douze. Ilikuwa quatorze-onze."

Nikamwambia marehemu alisema kumi na mbili. Akatikisa kichwa. "Yeye alikuwa anaangalia mupira. Miye nilikuwa naangalia tableau ya pointi." Akasahihisha kwa mkono wake, ndiyo maana leo mmesikia kumi na moja. Kisha akaweka kalamu chini na miwani ikaloa.

"Nilijua anataka kusema nini kule hospitali," akasema. "Nilimukatalia. Nilifikiri akisha kuisema, ataenda. Donc nikamunyima. Na akaenda tu."

Nilimwuliza kama ana hasira.

"Nilikuwa nayo. Bukavu baliniita Machozi mpaka siku ya ndoa yangu. Baba ya bwana wangu alikufa anasema muke wa mwana wake ni muongo. Nilitaka muntu moja aseme kwamba sikudanganya. Moja tu. Nilipomuona pale Matonge, nilijisemea, huyu atasema. Jumamosi moja, ingine, ingine. Kiisha nikaanza kumupenda, na kumungojea ikakuwa nguvu, ikanilemea."

Halafu akairudisha karatasi kwangu. "Soma yote. Usipunguze. Na uongeze kwamba ile service, ule mupira wa mwisho, ilikuwa ya kweli. Ilinigonga hapa." Akagusa bega la kushoto. "Miye mwenyewe niliikosa."

Nimeongeza, kama alivyotaka. Na Antoine, nilipomweleza, alikwenda chumbani akachukua daftari la pili, akafungua ukurasa wa mwaka 1980 na kuandika mwenyewe kile ambacho mkewe hakuwa ameweza kukiandika. Mkono wake hauandiki vizuri siku hizi, lakini panasomeka. Chama kinaweza kuchapa kitabu.

Marehemu alimpenda Mungu, watoto wa watu, pilipili, na mabishano. Alinifundisha kwamba mtu anaweza kutenda jambo moja baya na kisha kuishi vizuri miaka mingi, na lile moja bado likamdai. Simwoni mdogo kwa kulijua. Namwona mrefu vile vile, na nimemkumbuka zaidi juma hili kuliko nilivyotegemea.

Ameacha mume, Antoine Ilunga. Ameacha watoto wawili, Ghislain na Chloé, na wajukuu watano, Keren akiwa wa kwanza. Ameacha ndugu wanne, Likasi na Kolwezi, ambao hawakupata viza ya kuja kumzika na wanatusikiliza kwa simu saa hii. Ameacha wasichana sitini na zaidi waliopita mikononi mwake ukumbini, na wifi mmoja ambaye hajui sasa atabishana na nani. Na ameacha, kwa agizo lake na kwa idhini ya familia yote, bingwa wa mashindano ya wasichana wa vyuo ya mwaka 1980, Bibiane Nsimire, kapteni wa Institut Ruzizi ya Bukavu. Maman Bibiane, tunakuomba usimame, watu wakuone.

Alphonsine, limesemwa mbele ya watu. Pumzika.